Masikio ya Nafula

Nafula aliponiandikia kwenye simu kwamba Daktari Chumo amepigwa na kiharusi na amerudishwa nyumbani kwake Sugoi, nilijua anachotaka kabla sijafika mwisho wa ujumbe. "Unipeleke," aliandika. "Nataka kumwambia kwa mdomo wangu kabla hajafa." Nilikuwa nimesimama kwenye veranda ya wodi, madaktari vijana wakinisubiri ndani. Nikamjibu kwamba tutaenda Jumamosi. Kisha nikarudi kwa mgonjwa, nikalaza mkono wa kushoto mgongoni pake, nikagonga kwa kidole cha kulia, nikasikiliza, na hasira ikanipanda. Namna ile ya kugonga, kiwiko kikiwa kimetulia na kifundo cha mkono kikifanya kazi yote, nilifundishwa na Chumo. Karibu kila ninachokijua kuhusu mwili wa mtu mzima aliye mgonjwa nilikipata kwake, nikianza kazi. Na katika siku hizohizo yeye ndiye aliyemwacha rafiki yangu bila masikio.

Tulikuwa intani mwaka ule, yaani chuo tumemaliza na watu wanatuita daktari, lakini bado tunafanya mwaka mmoja wa kazi chini ya wakubwa kabla ya kupewa leseni. Hospitali yenyewe sitaitaja. Ilikuwa ya kanisa, na siku hizi ina jina lingine na wenyewe wengine. Nafula alikuwa ametoka upande wa Bungoma, mimi Nandi, na tulikutana siku ya kwanza kila mmoja akiulizia nyumba. Tukapata chumba hapo Eldoret, mtaa wa West Indies, nyuma ya nyumba ya mama mmoja mjane, chenye dirisha lililotazama kamba za nguo na tangi la maji. Ndani mlienea vitanda viwili, meza ya kukunja, na stovu ya mafuta ya taa iliyotoa moshi mpaka tukazoea kula huku machozi yakitutoka. Nafula ndiye aliyejua kupika. Jumamosi alikaanga omena, wale dagaa wadogo, kwa nyanya na vitunguu, mwenye nyumba akaja mlangoni kuuliza ni nini kinanukia hivyo, naye akapakuliwa. Mimi nilileta mursik kutoka nyumbani, maziwa yetu yaliyolala kwenye kibuyu chenye mkaa, na Nafula aliyanywa akikunja uso. "Haya maziwa yenu yanafaa kupaka ukuta," alisema, kisha akasukuma kikombe niongeze. Tulikula tukizungumza wagonjwa tu. Nani presha yake imekataa kushuka, nani sukari imempanda kwa sababu jamaa zake wanamletea soda, nani amerudi tena na pumu. Nikikumbuka furaha ya mwaka ule, naikumbuka kwa harufu ya omena na mafuta ya taa. Haikudumu.

Wodi yetu ilikuwa ya magonjwa ya ndani ya watu wazima, upande mmoja wanaume, mwingine wanawake. Ni miaka ile ambayo dawa za virusi vya UKIMWI zilikuwa bado hazijawafikia watu wa kawaida, na vitanda vilikuwa vimejaa hadi wagonjwa wakalala kichwa kwa miguu. Wengi walikuwa wakikohoa. Tulikuwa na nimonia, taifodi, maini, moyo, lakini TB ndiyo iliyokuwa mwenyeji pale, hayo mengine yalikuwa wageni. Eldoret ni baridi, na wagonjwa walitaka madirisha yafungwe. Nafula aliyafungua kila asubuhi, akiwaeleza kwa upole kwamba hewa ikitembea hawataambukizana. Chumo akiingia kwa raundi alisimama mlangoni, akakaza koti lake jeupe, akasema, "Nani anataka kuwaua wagonjwa wangu kwa baridi?" Sista wa zamu akayafunga. Kesho yake Nafula akayafungua tena.

Sitasema uongo kuhusu Chumo. Alikuwa daktari mzuri, na hilo ndilo linaloniuma. Alituambia tuache kutafuta maajabu. "Ugonjwa uliouona jana ndio utakaouona leo," alisema. "Anza na ule uliojaa wodini." Hakuvumilia mtu aandike taifodi kwa kila homa, wala malaria kwa kila maumivu ya kichwa. Alitulazimisha tumwangalie mgonjwa mikono, macho, miguu, kabla ya kukimbilia maabara. Siku moja aliletwa mzee mkulima kutoka mji mdogo wa Ziwa, miguu imevimba kama magunia, amekwisha kuzungushwa kwa waganga na zahanati, huku wakimwambia ni figo, huku wakimwambia amerogwa. Nafula alimwekea stetoskopu kifuani, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu mpaka wengine tukaanza kuchoka. "Mlango mmoja wa moyo umebana," akasema. "Nasikia kama mtu anaburuta kiti chumba cha pili." Chumo alisikiliza yeye mwenyewe, akainuka polepole, akatutazama sote. "Huyu msichana ana masikio," alisema. Mzee akapewa dawa za kutoa maji na za moyo, na baada ya wiki chache alitembea mwenyewe hadi lango la hospitali. Nafula aliimba njia nzima tukirudi West Indies jioni ile. Alisema atasomea moyo.

Kikohozi kilimwanza wakati wa baridi kali ya katikati ya mwaka. Mwanzoni tulicheka, kwa sababu nani asiyekohoa Eldoret mwezi wa saba? Kisha sketi zake zikaanza kushikiliwa kwa pini. Kila asubuhi alianika shuka zake kwenye kamba, zimelowa jasho, na mwenye nyumba akamuuliza, "Daktari, kwani unakojoa kitandani?" Nafula alicheka na mama yule, lakini akiingia chumbani aliketi, akashika ubavu. Jumapili moja mchana, tumetoka kanisani na chai iko mezani, alinigeuzia mgongo akavuta blauzi juu.

"Jerop, hebu nigonge."

"Kwani unasikia nini?"

"We nigonge tu. Usiseme kitu mpaka umalize."

Nikaanza juu, upande wa kulia, sauti ikaitika vizuri, ya hewa. Nikateremka. Nikahamia kushoto. Chini ya bega sauti ikafa kabisa, kama kugonga mtungi wa maji uliojaa. Nikagonga tena nikiomba nimekosea.

"Umejaa, sivyo?" alisema bila kugeuka.

"Umejaa."

Alishusha blauzi, akamimina chai, akanywa. Tulikuwa tumewaona watu wengi wa namna ile. Msichana mwenye umri kama wake, kikohozi cha wiki nyingi, jasho la usiku, mwili unaisha, maji upande mmoja wa kifua, na anashinda kwenye wodi iliyofungwa madirisha. Mtu wa kwanza mtaani ambaye si daktari angekuambia ni nini.

Jumatatu tulimpelekea Chumo eksirei. Aliishika juu, mbele ya dirisha la ofisi yake, akaiangalia kwa muda mfupi kuliko alivyokuwa akiangalia za wagonjwa. "Nimonia," alisema. "Imeacha maji kidogo. Apewe penisilini."

"Daktari, tunafikiri ni TB," nikasema.

Aliishusha eksirei. "Makohozi yamepimwa?"

"Yamepimwa. Hayakuonyesha kitu. Lakini TB ya maji mara nyingi haionekani kwenye makohozi. Wewe ndiye uliyetufundisha."

"TB ni ya wagonjwa," alisema Chumo. "Madaktari wangu hawapati TB. Intani akichoka hutafuta ugonjwa wa kumpa likizo. Penisilini, na kesho awe kwenye raundi."

Nimelifikiria neno lile miaka yote hii, na sasa naelewa. Kama daktari ameipata TB, basi ameipata wodini, na kama ameipata wodini, basi mtu fulani alifunga madirisha. Chumo aliweza kuona ugonjwa wowote uliojificha katika mwili wa mkulima. Huu wa wazi hakutaka kuuona, kwa sababu ungemwonyesha yeye mwenyewe. Nafula akapigwa penisilini, akaendelea na kazi. Homa ikashuka kidogo, ikarudi. Akabadilishiwa dawa nyingine, ikawa vilevile. Nilimwomba arudi nyumbani kwa wazazi wake. "Nikienda watasema nimekimbia kazi," alisema. "Watanirudisha mwanzo wa mwaka. Tumekaribia kumaliza, Jerop."

Kisha maneno yakaanza. Nilikuwa nyuma ya pazia la chumba cha chai nikitafuta sukari, nikasikia wauguzi wawili wakiongea na daktari mmoja wa kiume aliyekuwa juu yetu. "Umemwona alivyokonda?" alisema mmoja. "Siku hizi hata madaktari." Mwingine akasema, "Hawa wasichana wa kutoka magharibi, si unajua." Yule daktari akacheka. "Chumo ameagiza apimwe," alisema. "Hata hajaambiwa. Wamechukua ile damu ya juzi." Nikatoka na kikombe mkononi, nikasimama mbele yao. Hakuna aliyeniangalia. Mmoja akaniuliza kama maandazi yamekwisha.

Majibu yalipotoka, Nafula hakuwa na virusi. Ungetarajia mtu aone haya. Chumo alimwita, akamwambia kwa sauti ya baba mwema, "Basi unaona, damu yako ni safi, huna kitu kibaya. Punguza mawazo." Hivyo ndivyo Nafula alivyojua kwamba alikuwa amepimwa, maana mimi sikuwa nimethubutu kumwambia. Jioni ile hakupika. Aliketi kitandani akiwa bado na viatu. "Nimewaambia wagonjwa mara ngapi kwamba hatuwapimi bila ruhusa yao?" aliniuliza.

Alianguka kwenye raundi, katikati ya wodi ya wanawake, akiwa anamweleza Chumo habari za mgonjwa mwenye kisukari. Akalazwa kwenye kitanda cha wodi hiyohiyo. Walipomwingiza sindano ubavuni, yalitoka maji ya rangi ya majani makavu, chupa ikajaa, na sasa hakukuwa na mtu wa kusema nimonia. Akaanzishiwa dawa za TB. Vidonge, na juu yake sindano ya streptomaisini kila asubuhi. Ilikuwa dawa ya kawaida wakati ule, na sina ugomvi na kuanzishwa kwake. Lakini vidonge vilimtapisha. Chakula wala maji havikukaa tumboni, mkojo ukawa mchache na mweusi kama chai ya rangi. Sindano ile huondoka mwilini kwa figo. Figo zikichoka, dawa inabaki, inajilimbikiza, na mahali inapopenda kukaa ni ndani ya sikio. Hili halikuwa siri. Lilikuwa katika kitabu kilichokaa juu ya meza ya Chumo, na yeye mwenyewe alikuwa ametusomea ukurasa ule.

Siku aliyoniambia, nilikuwa nimemletea uji. "Kuna kengele inalia," alisema. "Wewe huisikii?" Nikasema siisikii. "Basi iko ndani," alisema, na nikaona uso wake unaelewa polepole kile ambacho mdomo umesema. Nilimfuata Chumo kwenye raundi, mbele ya wote.

"Daktari, masikio ya Nafula yanalia. Mkojo wake umepungua. Naomba tusimamishe sindano tumpe ile dawa nyingine ya vidonge. Ipo kabatini."

Akaendelea kuandika. "Wewe ni intani au ni konsoltanti?"

"Ni intani, daktari. Lakini masikio yanalia."

"Mwezi uliopita mlikuwa mnanililia hapatiwi dawa ya TB. Leo mnanililia anapatiwa. Kelele masikioni ni udhaifu tu, na homa. Sindano iendelee."

"Naomba uandike kwamba nimekwambia," nikasema.

Hapo ndipo aliponitazama. Hata waliokuwa wakikohoa walijizuia. Alisema niondoke kwenye raundi yake. Nikaenda kwa msimamizi wa hospitali, mtu wa kanisa mwenye sauti laini, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniombea, kisha akaniambia nisiharibu mwaka wangu kwa ajili ya mambo yaliyo juu yangu. Nikamwomba muuguzi wa asubuhi asichome ile sindano. Alinishika mkono. "Daktari Jerop, mimi nina watoto," alisema, na akaenda kuichoma. Nafula mwenyewe alikataa siku moja, akavuta shuka mpaka shingoni. Chumo alikuja kitandani, akamwambia akikataa dawa ataondolewa kama mgonjwa yeyote mkaidi. Nafula alikuwa hawezi kusimama bila kushika ukuta, kwa sababu sindano ilikuwa imekwisha kula hata ile sehemu ya sikio inayomwezesha mtu kutembea wima. Angeondoka kwenda wapi?

Homa ilishuka, mapafu yakakauka, akaanza kula. Na kadiri alivyopona ndivyo alivyozidi kutusikia kwa mbali. Kwanza alituomba tuongee kwa nguvu. Kisha akaanza kutazama midomo yetu. Asubuhi moja aliniomba stetoskopu yangu, akaivaa, akanivuta karibu na kitanda, akaniwekea kifuani. Akafumba macho kama alivyofanya kwa yule mzee wa Ziwa. Nilijaribu kutolia, kwa sababu kulia kungebadilisha pumzi. Akasogeza kidogo kushoto. Akakandamiza. Akasubiri. Alipofumbua macho aliivua, akaikunja vizuri, akanirudishia. "Una moyo kweli wewe?" alisema, kwa sauti kubwa mno, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka wakidhani ni utani wetu.

Sindano ilisimamishwa siku ambayo hata kengele ilikuwa haisikiki tena. Chumo alisimama miguuni pa kitanda. "Utashukuru kwamba uko hai," alimwambia. Mimi ndiye niliyemrudia Nafula maneno hayo, nikiyaunda kwa midomo polepole. Hospitali ilisema TB aliitoa kwao. Ilisema daktari asiyesikia moyo hawezi kumaliza mwaka wa mafunzo. Alirudi Bungoma na kaka yake, amembebea sanduku. Mimi nilibaki peke yangu West Indies, na kwa ajili ya mdomo wangu nikarudishwa kufanya wodi ileile upya, chini ya mtu yuleyule. Nilijifunza kila alichonifundisha. Sikuacha kitu chake hata kimoja, kwa sababu wagonjwa walikihitaji, lakini sikumsalimia tena isipokuwa alipoanza yeye.

Nafula ana duka la agroveti Ziwa siku hizi. Anauza dawa za ng'ombe na mbegu, na wakulima humletea ndama wagonjwa wakijua kwamba hatakosea. Anasoma midomo kwa Kiswahili, Kibukusu, na sasa hata Kinandi kidogo. Watu humwita daktari bila kujua kwamba ni kweli. Nilimpitia Jumamosi asubuhi, akafunga duka, tukaenda Sugoi, na njiani alikuwa akirudia maneno yake kimyakimya, midomo tu ikitembea.

Binti yake Chumo alitupokea vizuri, akatuletea chai na mkate. Mzee alikuwa kwenye kochi, blanketi magotini, upande mmoja wa uso umelegea na mdomo umeenda pembeni. Nilipomwona vile nilijua mara moja kwamba safari yetu imeharibika. Nafula hangeweza kuisoma ile midomo. Nikamtaja kwa jina. Chumo akamkazia macho kwa muda, kisha upande mzima wa uso wake ukatabasamu, na maneno yakatoka yakiburutana.

"Huyu," alisema, "huyu nilimponya TB."

"Baba huwakumbuka wagonjwa wake wote," alisema binti kwa fahari.

Nafula alinigeukia. "Amesema nini?"

Ningeweza kusema chochote. Nikamwambia kama yalivyo. "Amesema alikuponya."

Nafula akasogeza kiti mpaka magoti yao yakakaribiana, na kwa sauti ile yake isiyojua kipimo, iliyojaza chumba mpaka ndani ya vikombe, akasema, "Daktari Chumo. Nilikuambia masikio yanalia. Jerop alikuambia. Ulisikia, ukaendelea. Nilikuwa nisomee moyo."

Mzee alimtazama. Mdomo ukatetemeka. Machozi yakaanza kumtiririka, pande zote mbili, mabega yakitikisika, na akatoa sauti ya kilio cha mtoto. Nafula alinishika mkono kwa nguvu. Sikuwa nimemwona na uso uliofunguka vile tangu tukiwa wasichana.

"Jamani, msiogope," alisema binti, akimpangusa babake kwa leso. "Hulia hivi kila siku tangu alipougua. Jana amelia akitazama mpira."

Hilo nalo ni la kawaida. Kiharusi kikigusa sehemu fulani za ubongo, mgonjwa hulia bila huzuni na kucheka bila furaha, na hakuna kipimo cha kutenganisha chozi la ugonjwa na chozi la mtu. Nimewaeleza hivyo jamaa za wagonjwa wengi.

Nafula hakuuliza kitu mpaka tulipokuwa ndani ya gari. Alinigusa bega nizime injini, nimgeukie.

"Yule binti alisema nini?"

Nikamwambia.

"Na wewe kama daktari unasemaje? Alikuwa ananililia mimi?"

"Sijui, Nafula. Kweli kabisa, sijui. Inaweza kuwa ugonjwa tu."

Alitazama mbele, kwenye mahindi ya Chumo yaliyosimama vizuri pande zote za njia. Akavuta mkanda wa gari, akaufunga.

"Basi tuseme ni ugonjwa," alisema. "Tukisema ni majuto, nitalazimika kumsamehe. Washa gari, nina wateja."